Walikuja Kumzika Mama Akiwa Anabadili Kanga

Nikiwasimulia jambo hili mtacheka, na mimi nitacheka pamoja nanyi mpaka katikati, halafu nitanyamaza, na hapo naomba mnivumilie. Hapa Kinyangiri kila mtu ana kipande chake cha kisa hiki: mmoja atawaambia habari ya kaburi, mwingine atawaambia ya Masunga na kuku, mwingine ya mwalimu aliyeshikwa na wanaume wanne kama dume la ng'ombe linalochanjwa. Mwalimu huyo ni mimi. Nikipita sokoni bado wapo wanaoniuliza, "Mwalimu, Jumamosi hii tuje na majembe au tuje na masikio tu?" Aibu nimekwisha kuizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana, lakini kwa kuwa vipande vimetawanyika mno, bora nikae niwaeleze chote mwenyewe, tena kuanzia mwanzo, ingawa kuanzia mwanzo ndiko kulikoniponza, kama mtakavyoona.

Nilikuwa na mdogo wangu, Elia, mpiga zeze. (Kwa wasiolijua zeze: ni kibuyu kilichounganishwa na kijiti chenye nyuzi, unakiegemeza tumboni na kuzisugua nyuzi kwa upinde mdogo, na ukilipiga vizuri linalia kama mtu anayejizuia kulia.) Tangu utotoni alipenda kupigia jikoni kwa mama, karibu na moto, naye akipiga hupiga na mguu chini, po, po, po, mpaka vumbi la sakafu linapanda kwenye sufuria, na mama anamfukuza kwa mwiko: "Toka nje na mguu wako, tutakula udongo!" Sauti yake ya kuimba ilikuwa nyembamba, ya juu, haifanani kabisa na mwili wake. Mimi ndiye msomi wa nyumba, yeye ndiye aliyependwa, na wala sikumwonea wivu, maana hata mimi nilimpenda kuliko nilivyojipenda.

Mwaka juzi aliitwa Dodoma na kina Tabu, dada mmoja mpiga marimba kutoka upande wa Manyoni. Walikuwa kundi dogo la watu waliotoka sehemu mbalimbali: Tabu na marimba yake, mzee wa filimbi, kijana wa fidla, na mama mmoja mgeni aliyepiga ile fidla kubwa ambayo mtu huiweka katikati ya magoti kama anayekumbatia mtungi. Hakuna ngoma, hakuna gitaa la umeme, hakuna aliyekuja kumfunika mwenzake. Walikaa kwenye chumba kimoja wakitungiana na kusikilizana mpaka wakapata albamu, na albamu yenyewe si mkusanyiko wa nyimbo za kuchezea harusini, la, ni hadithi moja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho: mtu anaondoka kwao wakati wa ukame kwenda kutafuta mvua, anapita ziwa la chumvi, anafika kwenye reli, anapotea huko miaka mingi, nyumbani wanakata tamaa na kumlilia, na mwisho kabisa anarudi, anasimama mlangoni kwa mama yake na kupiga hodi. Wimbo huo wa hodi ndio wa Elia, zeze lake na sauti yake, wengine wote wamenyamaza.

Alirudi kutoka huko akiwa anaumwa. Tukampeleka hospitali, tukamrudisha, tukampeleka tena, na mara ya mwisho tulimrudisha kwa ajili ya kumzika, nyuma ya nyumba, pembeni ya baba. Albamu ilikamilika yeye akiwa hayupo. Tabu mwenyewe ndiye aliyetuletea kwenye flashi, akalia kwa mama, akaondoka.

Sasa mama. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kufunga kabla ya msiba, na baada ya msiba yakaongeza mwendo. Daktari wa masikio alipokuja Nduguti nikampeleka, akampima, akanieleza kwa upole nje ya mlango: "Mwalimu, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, nene hubaki kidogo. Kama kuna mtu mnayetaka amsikie, msichelewe." Na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Mama mwenyewe alikwisha kuniambia, "Nasikia mwanangu yumo kwenye hicho kidude. Nitolee nimsikie." Si jambo kubwa alilotaka. Alitaka kumsikia mwanawe mara moja kabla mlango haujafungwa.

Mke wangu Naomi, mwanamke asiye na maneno mengi, akanipa ushauri ambao laiti ningeufuata nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. "Baba Upendo," akasema, "mwekee ule wa mwisho. Ule tu. Amsikie, basi."

Nikamwambia, "Hapana, hodi haina maana kama hujajua mtu ametoka wapi." (Ndivyo nilivyo, mnanijua. Mwanafunzi akiniomba ruhusa ya kwenda chooni namweleza kwanza mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.) Niliona kumwekea mama wimbo wa mwisho peke yake ni kumpa mfupa bila nyama. Nikaamua ataisikiliza albamu yote kwa mpangilio wake, na kila baada ya wimbo nitasimamisha nimweleze. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kama punje ya mtama, na mengine yote yaliota hapo.

Simu haikutosha kwa masikio yale, ilihitajika spika. Kwaya ina boksi lake zuri la spika lakini siku hiyo lilikuwa limesafiri na kwaya kwenda harusini Nduguti. Kanisani kulibaki spika moja, ile ya juu ya nguzo, yenye mdomo mpana kama ua la boga. Nikamwendea mtunza kanisa, Mzee Msengi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mwalimu. Unaitaka hii?" Akaniangalia, akaiangalia spika. "Kazi yake unaijua?"

"Naijua mzee, lakini nitaiweka sauti ya chini."

"Hii haina sauti ya chini, Mwalimu. Hii ilizaliwa inapiga kelele."

Na kazi yake kila mtu kwetu anaijua: spika hiyo hutangaza misiba. Mtu akifariki, Mkristo au Mwislamu, Mzee Msengi huweka kwanza muziki wa polepole wa kinanda, usio na maneno, kisha anakohoa, kisha anataja jina la marehemu na la ukoo wake. Muziki ukianza tu, popote ulipo unaweka jembe chini na kusubiri jina. Hakuna anayepalilia muziki ule unapolia. Nilijua yote haya, nimekulia humu, nami nimeweka jembe chini mara nyingi, ila siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa ziwa la chumvi na reli na maelezo mazuri niliyoyaandaa, nikaona spika ni spika.

Basi Jumamosi baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa mashambani wanapura alizeti, nikaifunga kwenye nguzo ya baraza, mdomo ukimwelekea mama aliyekaa kwenye kiti chake, nikawasha. Fidla kubwa ikaanza, ile ya kuondoka nyumbani, taratibu, nzito. Mama akashtuka, akashika paji la uso.

"Igeuze, baba! Inanipiga kichwani!"

Nikaigeuza. Ikaelekea bondeni, kwenye mashamba ya watu wote. Mama akatulia, akaanza kutikisa kichwa kidogo, nami nikafurahi mno, nikaona mambo yamekaa sawa.

Wimbo wa kwanza ukaisha nikasimamisha, nikamwinamia sikioni: "Huyo ndiye anaondoka, mama! Kumekauka! Anakwenda kutafuta mvua!"

"Elia yuko wapi?"

"Bado, mama. Anakuja."

Wa pili ukaisha, ule wa ziwa, marimba na filimbi. "Hilo ndilo ziwa la chumvi! Ana kiu lakini maji hayanyweki!"

"Elia je?"

"Anakuja, mama. Vumilia."

"Mbona anachelewa hivi."

Niliyajua baadaye yaliyokuwa yakitokea bondeni, wameniambia wenyewe. Watu walisikia spika, wakaijua kwa mkwaruzo wake, wakaweka chini fimbo za kupuria, wakasubiri jina. Muziki ukapigwa, ukanyamaza. Wakavuta pumzi: sasa linakuja jina. Jina halikuja, muziki ukaanza tena, mzito zaidi. Ukanyamaza. Jina hakuna. "Tulidhani Mzee Msengi anashindwa kulitamka," alinieleza jirani yangu mmoja, "tukajua basi ni mtu mkubwa." Ndipo ukafika ule wimbo ambao nyumbani kwa yule msafiri wanamlilia, na Tabu na wenzake waliuimba vizuri mno, wanawake wanalia sauti ikipanda na kushuka, vilio vya kweli kabisa, na vilio hivyo vikatoka kwenye mdomo wa boga vikashuka bondeni, wala havikutokea upande wa kanisa, vilitokea upande wa kwetu. Na kwetu mzee ni nani? Mwenye kuumwa ni nani? Hesabu haikuwa ngumu.

Mimi barazani nina raha tu. Nikamwambia mama, "Huu ukiisha, unaofuata ni wa Elia."

Akaelewa hilo vizuri kuliko yote niliyomweleza. Akajishika kwenye fimbo yake, akasimama. "Subiri. Usimwache aingie. Siwezi kumsikiliza mwanangu na nguo ya jikoni." Akaingia ndani kubadili, maana Elia alimletea kanga kutoka Dodoma, doti nzima, hajawahi kuivaa. Naomi alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, anapika chai. Nikabaki peke yangu na spika inayolia, sikuona sababu ya kuizima, wimbo ulikuwa bado una sehemu nzuri mbele.

Hapo ndipo nikaona watu wanakuja.

Wanakuja kutoka bondeni, kutoka njia ya sokoni, wanawake wamefunga kanga kiunoni na beseni za unga vichwani, wanaume wana kuni begani, vijana wana majembe na sururu, na wote nyuso zimelowa. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri wamevutwa na muziki. Naapa. Nilijisemea, ona, watu wanasema kijiji hakielewi muziki wa kutulia, kumbe kikipewa kinaelewa mpaka kinatoa machozi. (Unga sikuuelewa, nikaona labda wanatoka mashineni.) Nikasimama nikafungua mikono kama ninavyowapokea wazazi siku ya mahafali.

"Karibuni! Karibuni sana! Msilie, mwisho wake ni mzuri!"

Wakatazamana.

"Mmechelewa kidogo," nikaendelea, "lakini si neno, nitawaeleza yaliyopita. Kulikuwa na ukame…"

Mama mmoja akaweka beseni chini, akashika mdomo. "Jamani, Mwalimu amechanganyikiwa."

"Mshikeni," akasema mwingine, "mshikeni asije akajidhuru."

Nikashikwa. Wawili mikono, wawili mabega, wakanikalisha kwenye kiti cha mama, mtu akanimwagia maji utosini. Nikawaambia niacheni, wimbo, wimbo unaanza! Wakanijibu kwa upole wote, "Tutaimba, Mwalimu, tutaimba, tulia kwanza." Naomi akatokea jikoni kwa makelele yale, akakuta uwanja umejaa watu wanaolia, mumewe ameshikwa, kiti cha mama hakina mama, na yeye ambaye dakika chache zilizopita alimwona mama mzima anatembea, akatupa birika na kupiga yowe ambalo liliondoa shaka kwa yeyote aliyekuwa bado nayo. Watu wote wakaitikia. Vijana wa sururu hawakusubiri kuambiwa, wanajua ukoo wetu unalala wapi, wakazunguka nyuma ya nyumba.

Na Masunga naye. Masunga ni Msukuma, mnunuzi wa ng'ombe, mtani wetu sisi Wanyiramba, na mtani kwenye msiba ana haki yake. Alikuja anahema, akajilaza chali juu ya kizingiti cha mlango, mikono kifuani, akatangaza: "Bibi huyu alininyima kuku miaka yote! Leo hatoki humu ndani mpaka nipewe kuku, tena mweupe!"

Pazia likasogea. Mama akatoka, kanga mpya imemkaa, kilemba kimefungwa, akainama kuangalia kilichomzuia, akamchoma Masunga ubavuni kwa fimbo.

"Wewe Msukuma, ondoka mlangoni kwangu."

Mtu huyo sijawahi kumwona akikimbia, ni mnene, lakini alifika kwenye alizeti kabla kofia yake haijagusa ardhi. Wanawake wakapiga kelele, mabeseni yakamwagika, mmoja akaanguka, wengine wakakimbia na wengine wakamkimbilia mama kumshika waone kama ni mtu au siyo mtu. Na katikati ya hayo, juu ya nguzo, zeze lilikuwa limeanza. Mimi peke yangu nililisikia, kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nalisubiri. Nilisikia upinde ukigusa nyuzi, nikasikia, kwa mbali sana chini ya mayowe ya kijiji kizima, sauti nyembamba ya mdogo wangu ikisema yuko mlangoni, amerudi na mikono mitupu, mama afungue. Nikapiga kelele: "Nyamazeni! Nawaombeni nyamazeni!" Walionishika wakaongeza nguvu. Mama yuko hatua chache tu kutoka kwenye spika, amezungukwa na watu wanaomlilia usoni, anageuza kichwa huku na huku, anauliza jambo nisilolisikia. Wimbo ukafika mwisho. Mzee Msengi akatokea anahema, anapiga kelele "Si msiba! Ni muziki wa Mwalimu!" akachomoa nyaya, na papo hapo uwanja wote ukawa kimya kabisa, kimya kile nilichokuwa nakiomba, sasa hakina kazi tena.

Katika kimya hicho mama ndiye aliyesema.

"Nani amekufa?"

Watu wazima wakaanza kuangalia vidole vya miguu yao. Akauliza tena. Mzee Msengi, ambaye ni rika lake na hamwogopi, akamsogelea sikioni.

"Wewe!"

Mama akafikiri kidogo. "Saa ngapi?"

Hapo ndipo watu walipocheka, na kicheko kilikuwa kikubwa kuliko kilio, mpaka wale walionishika wakaniachia ili wajishike mbavu. Nami nilicheka, nakiri. Tulicheka mpaka kijana mmoja akatokea nyuma ya nyumba, sururu begani, miguu imejaa udongo mwekundu, akauliza kama waendelee au wasubiri wazee waje kupima.

Kaburi lilikuwa limefika magotini. Tulikwenda wote kuliangalia, mama mbele. Walikuwa wamechimba pembeni ya Elia. Mama akasimama akiliangalia muda mrefu, kisha akaangalia upande wa pili, kwenye lile tuta ambalo nyasi zilikuwa bado hazijalishika vizuri. "Wamenipa mahali pazuri," akasema, wala hakuwa anatania.

Katika ukoo wetu kaburi lililofunguliwa halifukiwi tupu, na chakula kilicholetwa msibani hakirudi kilikotoka. Wazee wakateta kidogo, mama akakata shauri, akaamuru liletwe jiwe lake la kusagia lililopasuka, likalazwa humo, likafukiwa. Unga ukapikwa wote. Kijiji kilikula ugali wa matanga ya mtu aliyekuwa anawagawia mboga, nami nikazunguka kundi kwa kundi nikiomba radhi, nikawaeleza kwa nini muziki ule hauna ngoma, kwa nini hadithi yake haikatwi katikati, na kila niliyemweleza aliniambia, "Pole, Mwalimu, tumekuelewa," kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa. Mzee Msengi aliondoka na spika yake amebeba begani. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba siku nyingine itambidi akohoe kabla ya muziki, watu wasije wakadhani ni mimi.

Walipokwisha kuondoka mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kanga ya Elia bado mwilini, imeingia unga. Nilikuwa naokota kuni. Akaniita.

"Zefania. Na Elia? Alifika?"

Nilisimama na kuni zangu. Ningeweza kumweleza mengi. "Alifika, mama," nikamwambia sikioni. "Alipiga hodi."

"Sikumsikia."

Akaingia ndani, akaivua kanga, akaikunja, akairudisha sandukuni.

Siku zilizofuata nilijaribu. Nilimvalisha visikilizi vya binti yangu, nikamwekea wimbo ule peke yake, bila neno la utangulizi. Akasikiliza ameinamisha kichwa, akanirudishia. "Kuna upepo tu," akasema. Nikaongeza sauti, akasema inaumiza. Nikaweka tena siku nyingine, na nyingine. Sauti nyembamba zilikuwa zimetangulia, kama daktari alivyosema. Sijui kama Jumamosi ile zilikuwa bado zipo, huenda zilikuwa zimekwisha kwenda, huenda kilikuwa kimebaki kiasi cha wimbo mmoja tu. Hakuna atakayenijibu hilo, na usiku wowote nikikosa usingizi najua nimeukosa kwa ajili ya nini.

Boksi la kwaya liliporudi kutoka Nduguti nililiazima, si kwa matumaini, ni kwa ubishi tu. Nililiweka mezani karibu na mama, nikawasha, nikakaa. Hakusikia kitu. Kisha akanyoosha mkono kulishika boksi, nadhani alitaka kulisogeza apate nafasi ya kikombe, na mkono ukabaki pale. Akalivuta. Akalipakata, akaliegemeza tumboni vile vile mtu anavyoegemeza kibuyu cha zeze, akafumba macho. Sikuelewa alikuwa anapata nini humo. Kisha nikaona kidole chake kinagonga ubavu wa boksi, taratibu, po, po, po, na ndipo hata mimi nikausikia kwa mara ya kwanza, chini kabisa ya nyuzi, mguu wa Elia. Mle chumbani Dodoma walishindwa kumzuia, au hawakutaka kumzuia.

Machozi yalimtoka mama macho yakiwa yamefumbwa. Wimbo ukaisha. Akafumbua macho, akasema kwa sauti ile ile ya jikoni:

"Mwambie asitimue vumbi."

Basi hicho ndicho kisa changu, na sasa mnacho chote. Bado nafundisha, bado naeleza, siwezi kuacha, lakini nimejiapiza jambo moja: nikiwa na kitu cha mtu mkononi, nampa kwanza. Maelezo yatamkuta akiwa nacho tayari, na kama hatayataka nitayameza. Na ninyi mkiwa na mzee anayemsubiri mtu wake, msimwanzishie safari kutoka ziwani. Mfungulieni mlango.

Kwaya ilituachia boksi lile moja kwa moja, walisema wamepata jingine, sijawauliza sana. Kila Jumapili baada ya ibada mama huvaa kanga yake ya Dodoma, anakaa kiti chake jikoni, na kabla hajaniruhusu kuwasha huchota maji kwa kikombe, akayanyunyiza sakafuni, pale karibu na moto, mahali padogo tu, pa kutosha mguu mmoja.